Nusu ya Vidonge vya Kurwa

Nyumbani, juu ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Doto,

Hujambo? Mgongo umepoa? Huko baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Sisi wazima kiasi cha kusimama tu. Nikisema tuko salama nitakuwa nakudanganya.

Pacha wako amelazwa tena. Mama alikuambia ni uchovu, lakini daktari anasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwapo. Kazi ya kukata vioo aliiacha kwa sababu ulikuwa unamwita kutoka nyuma ya kila kioo. Ndiyo, Doto. Sauti anayoisikia ni yako.

Ile mara ya kwanza Mama aliuliza nani ametuloga. Daktari akamwambia, "Hakuna aliyelogwa, mama, wala hukumlea vibaya. Ni vinasaba vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, na mengine ni maisha." Kisha akauliza kama Kurwa ana pacha wa kufanana. Nikamwambia yupo. Anasema kwa kuwa mlitoka kwenye yai moja, hatari yako ni kubwa kuliko yangu, ingawa wako wengi kama wewe wasiougua kamwe.

Mama alibaki na hilo la hatari tu. Unamjua: utotoni mmoja wenu akiumwa, dawa mlinyweshwa wote. Basi Kurwa alipata nafuu kidogo, ghafla akachafukwa upya. Nikapekua kabati, nikakuta vidonge vyake vimekatwa katikati kwa kisu. Nusu Mama alikuwa anampa Kurwa, nusu anakuwekea wewe. Zako amezifunga kwenye kitambaa, anangoja mtu wa kukuletea. Nilishindwa hata kumgombeza.

Naomba umpigie Mama simu, mimi hanisikii. Mwambie u mzima, dawa zote ni za Kurwa. Na kama si mzima, kama usingizi umekuruka au unasikia lolote, usituonee haya, wahi kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Bangi usiiguse hata kwa utani, daktari anasema huuchochea ugonjwa huu.

Baba mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Kurwa naye jana nilimkuta wodini ametulia, nikamweleza yote. Akafikiri, akasema, "Mwambie Doto, kila kitu ameniiga, hili asiniige." Akacheka peke yake. Mimi nilitoka nje nikalia.

Mungu akutunzie akili yako na usingizi wako.

Dada yako akupendaye,
Fundi Cherehani