Vumbi la Sola Halinirudishi Kilosa

Mikumi, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usiniambie umepona kama bado unachechemea, maana Zuhura ataniambia. Mwanangu huyo hajui kusema uongo, na hilo amelirithi kwangu. Mimi ni mzima, tena nimenenepa.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Zuhura akusomee polepole, asiruke kitu.

Nimesikia dereva mmoja aliyeleta mchanga hapa kambini amewatangazia watu wa Magomeni, hapo kwetu Kilosa, kwamba nimeharibu sola za kambi ya wageni, nimefukuzwa, naona haya kurudi. Na wewe mama ukanitumia ujumbe nirudi nikalime. Sikufukuzwa. Paneli moja niliiharibu, hilo ni kweli. Wiki ya kwanza niliona vumbi limeganda juu yake, nikalisugua kwa majivu na mchanga kama ulivyonifundisha. Sufuria zangu unazijua, mtu anaweza kujitazamia humo akichana nywele. Lakini kioo cha sola si sufuria. Kikapata mikwaruzo, kikafifia kama jicho la mzee. Msimamizi akaniambia, "Mama Zuhura, ukirudia, unapanda basi."

Basi sisi wanawake wanne tunaosafisha tukawa tunaosha kwa maji na kitambaa laini, saa tatu, tukishakunywa chai. Bado uchafu ulishika, hasa ukingo wa chini, na umeme ukazidi kupungua. Msimamizi akasema sisi ni wavivu, ataleta watu wengine.

Mvivu, mama. Mimi.

Siku moja nilipomaliza kuswali alfajiri nikaenda kuzigusa zile paneli. Zilikuwa zimelowa umande, na vumbi limekuwa kama uji, linateleza kwenye kidole. Nikasimama palepale mpaka jua likatoka. Ule uji ukakauka, ukashika kioo kama ukoko unavyoshika sufuria ya ugali. Ndipo nikaelewa. Vumbi likitua tu halina nguvu. Umande unalilowesha, jua linalipika, na sisi kila siku tunahangaika na ukoko wakati tungeweza kufuta uji.

Nikamwambia msimamizi. Akacheka.

"Sola umesomea wapi wewe?"

"Jikoni."

"Jiko lile lile lililokwangua paneli yangu?"

Wenzangu wakacheka mpaka machozi. Nikamwambia, nipe safu moja niifute alfajiri, mpaka Ijumaa. Isipozishinda nyingine, begi langu nitalibeba mwenyewe mpaka stendi. Akasema alfajiri tembo wanapita pale. Nikamjibu kwamba askari wa lindo atanisindikiza, na tembo akitaka kazi aje na kitambaa chake.

Ijumaa akasoma mashine inayopima umeme wa kila safu. Akasoma mara ya pili. Safu yangu ilikuwa juu ya zote. Hakunisifu, mama, ana kiburi kama changu. Alisema tu, "Kuanzia kesho wote mtafuta alfajiri. Mama Zuhura atawaonyesha." Wenzangu wamenuna kwa kuamshwa mapema, lakini wanafuata ninavyofanya.

Kwa hiyo sirudi kulima. Lile shamba mpe kaka, ana mikono mizima. Na Zuhura wakimcheka shuleni, asilie wala asigombane. Awaambie mama yake anafundisha kazi watu wazima wenzake.

Nisalimie kaka na mke wake, shangazi anayekaanga vitumbua, na jirani yetu fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea limeanza kunibana. Zuhura mpige busu la shavuni kwa niaba yangu, hata akijifanya mkubwa.

Mimi mwanao, niliyeko kazini,

Mama Zuhura