Kumwitikia Mzee Arthur

Jumapili. Jua limetoka, chavua ya miti inanipigisha chafya tangu asubuhi, na nina furaha mpaka najionea aibu.

Mzee Arthur, ninayemtunza kule Rockville, huku Marekani, ni Mwingereza wa Lancashire, na sebule yake imejaa santuri za waimbaji wa kienyeji wa kwao. Nampikia uji huku hao watu wakiimba. Nyimbo nyingine ni za kuchekesha: kuna bwana anayejificha kwenye banda la kuku akimkwepa mama mkwe, na huyo hunivunja mbavu mpaka leo. Nyingine ni za majonzi, kama ule wa mke anayemngoja mumewe mlangoni pa mgodi. Mwanzoni lafudhi yao niliisikia kama ya watu wenye kiazi cha moto mdomoni. Siku hizi naimba nao nikiosha vyombo.

Leo Mzee alitaka kuuimba huo wa mgodini, kwenye baa moja ya Alexandria, mji wa jirani, ambako wapenzi wa nyimbo hizi hukaa duara na kuimba kwa zamu. Hajaimba tangu mkewe afariki, na mkewe ndiye aliyekuwa akimwitikia. Njiani akaniambia kwamba akishindwa leo, basi tena, santuri zote atazigawa.

Mimi, Mlutheri wa Njombe, nikaingia baa Jumapili mchana kweupe. Nilikunywa soda tu, Mchungaji, kama unasoma.

Zamu yake ilipofika alianza vizuri. Ubeti wa pili, sauti ikakata. Akabaki mdomo wazi, na watu wakainamia glasi zao kwa huruma. Niliogopa kweli.

Lakini kwetu kwaya haimwachi mwanzishaji wa wimbo peke yake. Akikwama unaitikia, na unarudia kiitikio mpaka apate pumzi. Sikufikiri. Nikaitikia kwa sauti yote Mungu aliyonipa. Niliporudia, baa nzima ikaingia. Tukarudia tena, nikaona midomo ya Mzee inacheza, na ubeti ukarudi. Akaumaliza wimbo wote, machozi yakimtoka huku anacheka.

Bibi mmoja akaja kuniuliza nilijifunzia wapi uimbaji huo halisi wa Lancashire. Nikamwambia Njombe.

Tulipokuwa tunarudi nilidhani Mzee amesinzia. Kumbe anawaza.

"Rehema," akasema, "sasa anza wewe, wimbo wa kwenu. Mimi nitaitikia."

Kwaya niliiacha nyumbani nilipopanda ndege. Hapa Jumapili zangu ni za zamu ya kazi. Nikaanza kwa sauti ndogo, nimeshika usukani, naye akaitikia, maneno yote ameyaharibu, kwa sauti kubwa, bila kuniacha hata pale nilipokosea mimi. Tumefika Rockville sauti zimetukauka.

Hivi tangu nije nchi hii, ni nani mwingine aliyewahi kuniitikia?