Kwenye Kiti Changu Kiwandani

Shoga, leo nimeaibika! Miguu imenipeleka kazini yenyewe.

Kazi ambayo wameshaninyang'anya, eti tumbo la miezi minane linanizuia kuifikia mashine. Usiku kucha nawaza kodi na nguo za mtoto. Alfajiri king'ora cha kiwanda kikalia, mtoto akacheza kama kawaida yake, nami huyo nikatoka. Mlinzi hata hakuniuliza.

Niko kwenye kiti changu, nashona mifuko ya suruali, nikasikia, "Dada, samahani, hapo ni kwangu."

Hapo ni kwangu! Binti mgeni, aproni pana inampwaya.

Nikainuka, nikampisha. Akakaa taratibu, mkono kiunoni, vilevile ninavyokaa mimi. Nikamtazama tumboni. Akajua nimejua.

Akaninong'oneza, "Dada, usiwaambie."