Nilimsifu Mwalimu, Wakamwondoa Darasani

Jumanne, Februari 2014
Brooklyn Park

Baridi ya leo ni ile ya kugandisha pua kabla hujaufikia mlango wa gari. Gari lenyewe likakataa kuwaka, nami nikafurahi, aki ya Mungu, maana sikuwa na uso wa kumwonyesha mtu chuoni. Nimeshinda sebuleni na koti mwilini.

Nimemharibia mtu kazi.

Wanaonijua wanajua kwamba utafiti wangu wa uzamivu unahusu jinsi Kiingereza kinavyofundishwa China. Kanisani bado wananicheka: Mkamba, yuko Minnesota, anasomea Kiingereza cha Wachina! Mwaka juzi nilikaa miezi kadhaa katika shule moja ya sekondari kule, nyuma ya darasa, nikirekodi. Amri ya shule ilikuwa kipindi cha Kiingereza ni Kiingereza tu. Mwalimu mmoja alikuwa haifuati. Akiona watoto wamebung'aa, alifunga mlango, akageukia lugha ya kwao, ile ya nyanya zao, akatoa mfano wake mmoja wa kuchekesha kupita kiasi. Darasa zima linaangua kicheko, na palepale wanakielewa kitenzi walichokuwa wanakikariri tu kama kasuku.

Nilimpenda bure. Mimi darasa la tatu nilivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kikamba, nikatembea nacho hadi jioni. Nilitaka dunia nzima imjue mwalimu huyu.

Basi nikaandika makala. Nikabadilisha jina lake, nikabadilisha mji, shule nikaificha. Ule mfano nikauacha neno kwa neno, kwa sababu ulikuwa mtamu.

Kumbe mfano ndio jina lake. Kila aliyepitia darasa lake anaujua. Mwalimu mwenzake aliiona makala mtandaoni, akampelekea mkuu wa shule, na sifa zangu zote zikageuka mashtaka: amevunja amri, na mtafiti kutoka Marekani ni shahidi. Wiki iliyopita walimwondoa darasani. Sasa kazi yake ni kulinda bweni la wasichana.

Mnisamehe, mfano wenyewe siuandiki hapa. Hata jina la uongo simpi tena.

Nilimpigia Profesa wangu. Alisikitika, kisha akanikumbusha kwamba mwalimu alitia sahihi kukubali kurekodiwa, kwa hiyo kiutaratibu hatuna kosa, na sura ya nne ya tasnifu isiguswe. Sura yote imejengwa juu ya huo mfano. Bila hiyo simalizi mwaka huu, na viza haimngoji mtu. Alisema kweli, na nikamchukia kwa kuisema.

Binamu yangu Mwende, ninayeishi naye, alirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee akanikuta nalia.

"Kwani ulimsema vibaya?"

"Nilimsifu."

"Sasa wewe unalilia nini? Waandikie hao watu! Si ni wewe umesomea hayo mambo?"

Nikaandika. Barua kali kwa mkuu wa shule, hoja juu ya hoja, kwamba lugha ya mama haimharibii mtoto Kiingereza chake. Kabla ya kuituma nikampelekea mwalimu aisome. Nilidhani atafurahi. Mjinga mimi.

Jibu lake limeingia jioni hii. Yeye huniandikia kwa utani, vichekesho tupu. Leo ameanza na "Mheshimiwa Daktari", na mimi udaktari wenyewe bado. Anasema mwanawe anasoma shule hiyohiyo. Anaomba barua isitumwe. Halafu mstari wa mwisho: tafadhali, usinisaidie tena.

Usinisaidie tena.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Kumbe nilipomsifu nilikuwa najisifu mimi, msichana wa kibao, na yeye ndiye aliyelipa.

Barua nimeifuta. Kesho nitaomba makala iondolewe, kisha nimwambie Profesa kwamba sura ya nne naitoa. Ataniona nimerukwa na akili, na kuhusu viza sijui nitafanyaje, naogopa kweli. Mwalimu hatarudi darasani kwa sababu ya hayo, najua.

Wala sitamwandikia kumweleza nimefanya nini. Ameniomba nisimsaidie tena.