Papa, Usiliuze Shamba la Kahawa

Bwera, Jumapili baada ya Misa

Kwa Papa yangu mpendwa Kataliko,

Nakuamkia kwa heshima, Papa, na naomba barua hii ikukute huko Butembo ukiwa mzima, kikohozi kimekuachia na goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Katembo mume wangu anakusalimu; bado anafyatua matofali. Wajukuu wako wanakula kwa kushindana. Mbambu ameng'oka meno mawili ya mbele, na bado hanyamazi.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka kwenye kipaza sauti, na kila ninalokuambia linasikika mpaka kwa fundi baiskeli ng'ambo ya njia. Haya ni ya macho yako peke yako. Gracien, yule dereva wa lori, ameniambia kuwa umepata mnunuzi wa shamba la kahawa, lile alilolipanda Mama kabla hajatutoka, na kwamba Jumamosi mtatia sahihi ili mimi nipelekwe Kampala kutibiwa moyo. Papa, nakupigia magoti: usitie sahihi kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho.

Ugonjwa ulinianza muda mfupi baada ya Pasaka. Moto uliwaka katikati ya kifua, ukapanda kooni na kuniachia mdomoni maji makali kama ya ndimu. Nikiinama kuokota kitu, unapanda. Nikijilaza, ndiyo kabisa. Tena ulipenda kunijia Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, ninapovuka kwenda Kasindi kununua vitenge vya kuuza.

Huku kila mtu ni daktari, Papa. Tabisa, anayeuza samaki wa Kahendero, aliapa kwamba nimekwamwa na mwiba wa samaki, nimeze tonge la bundu, ugali wetu wa muhogo, bila kutafuna. Nilimeza matatu, machozi yakanitoka. Katembo naye alikuja na matofali yake akainua kitanda upande wa kichwani, na asubuhi tukaamka sote wawili tumerundikana miguuni. Wateja, kwa upande wao, walinisifu kuwa nimenenepa, kwamba Uganda imenipokea vizuri. Niliwaacha wasifu.

Basi Ijumaa moja, wiki tatu zilizopita, nilipeleka bidhaa Kasese kwa Musoki, mwenye duka ninayemuuzia. Nilikuwa nimekula Kasindi sahani nzima ya bundu na samaki wa kukaanga, pilipili juu yake, nikashushia na kahawa nyeusi, kisha nikakaa garini nimejikunja njia nzima. Nilipofika mlangoni mwa duka, kifua kikabana na jasho likanitiririka. Musoki hakuniuliza, alinishika mkono akanikokota mpaka kliniki. Gracien alikuwa ng'ambo ya barabara anapakia lori lake. Aliniona ninavyoburutwa, naye hakusubiri kitu, akavuka mpaka na habari. Baadaye alinirudia mwenyewe maneno aliyokuletea: “Papa, moyo ya mutoto yako iko nasimama!” Simlaumu. Hata mimi nilijua ninakufa, na nilichowaza ni nani atakayekuwa anamsuka Mbambu nywele.

Daktari ni mwanamke kijana anayeitwa Shallon. Alinihoji kuliko padri kwenye kitubio. Alitaka kujua ninakula saa ngapi jioni na kama ninajilaza mara tu baada ya kula, ninakunywa vikombe vingapi vya kahawa, ninapenda pilipili na mafuta kiasi gani, kama ninavuta sigara au ninakunywa pombe, na kama ninameza ovyo dawa za maumivu. Nilimjibu yote kwa ukweli. Alipouliza kama ninavaa nguo za kubana, nikasema hapana. Akasema basi nivue, anipime moyo kwa mashine ya waya. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na Musoki akadhani naogopa mashine.

Papa, sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Nguo niliivua, na ndani yake kulikuwa na kitenge. Ndani ya kitenge kulikuwa na kingine. Muuguzi akafungua, akanizunguka, akafungua tena, mpaka vikafika saba, vimekazwa tumboni kwa ukanda wa mpira. Ndivyo nilivyokuwa nikivivusha mpakani bila kulipa ushuru, tangu Pasaka. Unene wote uliosifiwa ulikuwa pamba. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza bei ya kile cha kijani.

Shallon hakucheka. Alinipima kwanza, akanionyesha mistari ya mashine, akasema moyo wangu ni mzima kabisa. Alisema nilifanya vyema kuja, maana maumivu ya kifua si ya kubahatisha nyumbani. Lakini huu ulikuwa moto wa tumbo, kiungulia. Ninalijaza tumbo mpaka juu kisha ninalifunga kama gunia, asidi ipite wapi kama si kooni? Alinipa dawa za wiki kadhaa, akaniambia nile kidogo kidogo, chakula cha jioni nikimalize masaa matatu kabla ya kulala, nipunguze kahawa na pilipili, na nisijifunge tena. Kuhusu kitanda alisema Katembo alifanya sawa, na tangu hapo nyumba hii haina amani kwa majigambo.

Ningependa kuishia hapo tucheke wote, ila kosa langu kubwa si vitenge. Kwamba moyo wangu ni mzima nilijua Ijumaa ileile. Gracien alipokuja kuniambia unatafuta mnunuzi, nilikuwa ninalala vizuri na ninakula vizuri, na nikamjibu tu kwamba nitakuandikia. Sikuandika. Kukuambia nimepona kungenilazimu kukuambia kilichoniumiza, na wewe ndiwe uliyenifundisha amri kumi kanisani, mbele ya watoto wenzangu. Niliona heri unililie kuliko unionee haya. Nikakuacha utembee kutafuta mnunuzi kwa goti hilo bovu. Hilo linaniuma, Papa, na kliniki haina dawa yake.

Jana nilimweleza Katembo. Alimaliza chai yake, kisha akasema niandike leo. Siku hizi vitenge vyangu navibeba kichwani na ushuru nalipa. Afande wa pale mpakani ameniuliza kama naumwa, mbona nimekonda ghafla.

Nisalimie kaka yangu Philippe na mkewe Chérie, na wote wa jumuiya wanaoniombea. Waambie sala zao zimejibiwa, hayo mengine utaona mwenyewe kama utawaambia. Gracien anaondoka kesho, nimemwapisha akupe barua hii mkononi. Nikasirikie, Papa, ninastahili. Lakini unikasirikie ukiwa umesimama ndani ya shamba lako.

Mwanao,
Kavira