Ndege wa Kabati la Baba

Kaka,

Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Picha za sebule yako tumeziona.

Hapa maabara tumebaki na ndege kumi na wawili, wa mwisho wa aina yao duniani, wote ndugu wa damu, na mayai yao hayaanguliwi. Tunaweza kuwarudishia vinasaba walivyopoteza, ila lazima kwanza tuvisome kwenye ngozi za ndege wa zamani wa aina hiyo. Ni zile alizozikausha baba kwa miaka thelathini na kuzijaza kabatini, ukaziita takataka, ukazichoma upate pa kuweka kochi.

Jana mkuu wetu kaniuliza kama namjua mwenye nazo. Nikasema simjui.

Ni mara ya pili nakufichia. Baba, akiwa hoi kitandani, aliuliza ndege wake wako wapi. Nikamjibu unawatunza wewe.

Mdogo wako, ambaye hatakufichia mara ya tatu.