Macho ya Bi Rukia

Jumatatu, 9 Machi 2015
Taarifa ya saa mbili imepita salama. Nimekuza tena maandishi ya prompta, kioo cha kusomea mbele ya kamera. Sasa mstari una maneno matatu tu. Hata hivyo Bi Rukia hayaoni. Alasiri namsomea habari zote, anazishika kichwani, usiku anajifanya anasoma. Mzanzibari anayeishi mtaa wa Al Twar, huku ughaibuni, msomaji wetu tangu taarifa hii ya Kiswahili ianze. Kiti kile ndio uhai wake. Siri ninayo mimi tu, inanichoma.

Jumanne, 10 Machi
Mkuu wetu, Nabil, hajui Kiswahili hata salamu. Hasikii makosa, anatazama nyuso. Leo kaniuliza kwa nini Bi Rukia anafinya macho. Nikasema taa kali. Uongo mtupu, na haukunikwama hata kidogo.

Jumatano, 11 Machi
Taa zimepunguzwa. Bado anafinya macho. Kesho Nabil atakaa nasi chumba cha mitambo. Akiona kasoro, kiti kina mtu mwingine. Za mwizi arobaini, naona zetu zimetimia. Nimerudi ninakopanga, mtaa wa Karama, sina hamu ya kula. Wenzangu chumbani wanacheka, natamani kuwapiga.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa. Habari ya moto sokoni, huko nyumbani, imeingia tukiwa hewani. Hii sikuwa nimemsomea. Akanyamaza. Nabil akasimama. Nikavuta kipaza sauti kinachofika sikioni mwake, nikamsomea polepole, naye akanifuata neno kwa neno. Hakujikwaa. "Yalla, good," Nabil akasema, akaketi.
Nilidhani tumeshinda. Baada ya taarifa Bi Rukia akanishika mkono. "Mwanangu, leo umesoma wewe. Mimi nimefumbua mdomo tu. Khalas, basi." Akaenda kwa Nabil, akamwambia mwenyewe kuwa haoni tena. Hata jina langu hakulitaja, nisije nikafukuzwa naye. Nimemkasirikia sana. Nimelia chooni.

Ijumaa, 20 Machi
Leo siko zamu, Bi Rukia kaniita chakula cha usiku kwake. Biriani ya kuku, na achari kali. Saa mbili akataka TV iwashwe. Msomaji mpya akaanza. Bi Rukia alitega sikio. "Ana pupa. Atatulia."
Tulikaa karibu na TV, nayo kubwa, nusu ya ukuta. Akaniuliza msichana kavaa nini. Nikamwambia kijani, na mtandio mweupe.
"Kapendeza?"
Nikamwambia kapendeza.